Kabla hujanunua kigari cha mtoto shika tepu kwanza

Kigari changu cha kwanza nilikichagua kwa macho. Cheusi, mshikio umevalishwa ngozi ya kahawia, matairi makubwa yanang'aa, nikakisukuma kama mita tano hivi kwenye vigae vya dukani kikateleza kama kimepakwa mafuta, nikasema hiki hiki, fungeni. Kimefika nyumbani mlango wa nje kikapita, koridoni kikapita, mlango wa chumbani kikagoma. Yani sio kwamba kinabana ukilazimisha kitaingia, hapana, kimezidi upana wa vidole viwili na fremu ya mlango haina huruma. Basi kikalala sebuleni karibu na viatu miezi tisa mizima, na kila usiku mtoto akisinzia ndani yake namtoa, anaamka, tunaanza upya.

Kwa hiyo naandika hii kwa mzazi ambaye bado hajanunua. Watu wengi tunachagua kigari tukimuwaza mtoto, rangi itampendeza, kiti laini, kumbe mtoto hana makuu, akilala vizuri na akafungwa mkanda vizuri yeye kamaliza. Anayeteseka na kigari kibaya ni yule anayesukuma, anayebeba, anayekunja huku jasho linamtoka na watu wanasubiri nyuma. Ukiacha usalama wa mtoto, ambao hauna mjadala na nitaufikia, hayo mengine yote yaamuliwe na njia unayopita kila siku.

Sasa tepu. Pima mlango mwembamba kuliko yote unaopita, sio wa sebuleni, ule wa chumbani au wa lifti kama mna lifti. Vigari vingi vya mtoto mmoja vina upana wa sentimita 50 hadi 60 na kidogo, vya mapacha wakikaa ubavu kwa ubavu vinafika sentimita 75 au zaidi. Angalia upana wa matairi ya nyuma, maana ndio panapokuwa papana zaidi, kiti kinaweza kukudanganya. Alafu nenda kwenye buti la gari kama unatumia gari. Hapa watu wengi wanapima ndani ya buti wanasahau mdomo wa buti, ndani kunaenea ila pa kupitishia hapatoshi. Mimi kigari cha pili nilichukua vipimo vya kikiwa kimekunjwa, nikatengeneza boksi la ukubwa huo huo kwa makaratasi magumu na gundi ya karatasi, nikaenda nalo kwenye gari nikalijaribu kulalia, kusimama, ubavu. Majirani walinishangaa lakini niligundua modeli niliyokuwa naitaka inaingia ila haiachi nafasi hata ya mkoba. Nikaachana nayo bila kupoteza chochote.

Kama unapanda ngazi basi uzito ndio ishu yako namba moja na usikubali mtu akwambie "ni kilo 12 tu". Kuna jaribio la bure: jaza ndoo maji lita 12, hizo ni kilo 12, panda nayo ngazi zako zote kwa mkono mmoja, mkono mwingine kumbatia mto kifuani ujifanye ndio mtoto. Fanya hivyo mara mbili kwa siku moja. Alafu kumbuka mtoto wa miezi sita anakaribia kilo 7 au 8 na ndani ya kikapu cha chini kuna pampasi, chupa, nguo za kubadilisha. Vigari vyepesi vinacheza kilo 5 mpaka 7, vile vikubwa vyenye kila kitu vinaanzia 10 na vingine vinafika 15. Kwa anayekaa chini na anatembea sana kwa miguu, kigari kizito wala sio shida, kinatulia barabarani na hakirukiruki. Kwa wa ngazi ni adhabu.

Usalama sasa, na hapa umri ndio unaongea. Kichanga shingo yake haijakaza, kichwa kizito kuliko misuli, ukimkalisha wima kidevu kinaangukia kifuani na njia ya hewa inabanwa, na hatalia, ndio ubaya wake. Kwa hiyo toka kuzaliwa mpaka aweze kushika kichwa na kukaa vizuri, mara nyingi hiyo ni karibu miezi sita, anatakiwa alale chali kwenye kitu bapa au karibu na bapa. Ama kigari chenye kitanda chake cha kulalia, ama kiti ambacho mgongo unashuka kabisa. Viwango vya Ulaya vya vigari, EN 1888, vinataka kiti cha mtoto wa chini ya miezi 6 kiweze kulala mpaka pembe kati ya mgongo na makalio ifike angalau nyuzi 150. Huna haja ya kubeba protrakta dukani, soma tu maandishi yaliyoshonwa au kubandikwa kwenye fremu, kama yanasema kiti hakifai kwa mtoto wa chini ya miezi 6 basi yaamini, hata muuzaji akikwambia weka mto. Usiweke mto. Hapo hapo angalia na uzito wa mwisho, vingi vinaishia kilo 15, vingine vinabeba mpaka 22, hivyo vya 22 vitakufaa kama mtoto wako ni wa kupenda kubebwa mpaka miaka mitatu.

Vile vigari vya seti, ambapo kiti cha mtoto cha kwenye gari kinatoka na kupachikwa juu ya fremu ya kigari, ni raha kweli kwa kumtoa mtoto kwenye gari bila kumwamsha. Ila kiti cha gari ni cha gari. Kimetengenezwa kumlinda kwenye ajali na humo ndani anakuwa amejikunja. Ushauri unaotolewa sana ni asikae humo zaidi ya masaa mawili mfululizo, na kwa kichanga iwe pungufu ya hapo, kwa hiyo ukishafika unakoenda mtoe umlaze mahali bapa. Nimeona watu wanazunguka nacho siku nzima kwa sababu kalala vizuri, roho inaniuma ila huwezi kumfuata kila mtu.

Mkanda uwe wa pointi tano: mabegani miwili, kiunoni miwili na mmoja katikati ya miguu. Huo wa katikati ndio unaomzuia asiteleze chini akaning'inia shingo, usiuache wazi eti analia ukimfunga. Jaribu loki yake mwenyewe kwa mkono mmoja, inatakiwa iwe ngumu kwa mtoto lakini isikutoe kucha. Na uangalie mikanda ya mabega inapandishwa vipi, maana mtoto anakua, kuna vingine lazima ufungue kiti nyuma uchomoe mkanda upitishe tundu jingine, kazi ambayo utaiahirisha wiki nne huku mkanda unamkata mabega.

Breki usijaribu kwenye sakafu ya duka, sakafu iko sawa kila kigari kitasimama. Tafuta mteremko, hata ile njia ya kuingizia mizigo mlangoni, weka mzigo, kanyaga breki, achia huku mkono uko karibu. Breki nzuri inafunga matairi yote mawili ya nyuma kwa kukanyaga mara moja. Alafu kuna jambo dogo ambalo hakuna aliyeniambia: breki nyingine unafunga kwa kukanyaga ila kufungua unatakiwa uinyanyue kwa juu ya vidole vya mguu. Ukiwa na raba sawa, ukiwa na ndala utalia. Vaa ndala siku ya kwenda kuchagua.

Hiyo kamba ndogo ya mkononi inayoning'inia kwenye mshikio sio urembo, ivae unaposhuka mlima. Na ukisimama kando ya barabara au kwenye jukwaa la treni, geuza kigari kiende sambamba na njia, kisielekee kwenye njia, funga breki na bado ushike.

Matairi ndio yanachukua maamuzi mengi kuliko watu wanavyofikiri. Tairi ndogo ngumu, zile pacha pacha za vigari vyepesi, ni za sakafu na lami tu. Kwenye changarawe zinamtingisha mtoto mpaka mashavu yanacheza na kwenye mchanga zinazama, utaishia kugeuka na kukivuta kwa nyuma kama mkokoteni. Njia mbaya inataka tairi kubwa, na hapo unachagua kati ya za upepo na za foamu. Za upepo zinalainisha kila kitu, ila zina tyubu, zitapata pancha siku ambayo huna pampu, hiyo naijua. Za foamu hazipati pancha na mimi sasa hivi niko huko, ulaini unapungua kidogo lakini naamka asubuhi nikijua ziko vile vile. Zile za mbele zinazozunguka pande zote ziwe na loki, maana penye mashimo zikizunguka ovyo zinakwama kwa ubavu na kigari kinasimama ghafla, ukizifunga zielekee mbele tu unapita.

Na usijaribu kigari kitupu! Kigari kitupu kinadanganya. Nenda na mfuko wa kilo nane au kumi wa kitu chochote, ukalishe kwenye kiti, ufunge mkanda, alafu sukuma kwa mkono mmoja uchore namba nane sakafuni. Kama kinakuvuta upande mmoja, kitakuvuta kila siku. Kisha tafuta kingo yoyote ya kupanda, bonyeza mshikio chini ili mbele inyanyuke. Ukiona inabidi ukilalie na mwili mzima, achana nacho, kwa sababu kingo za barabarani utapanda mara ishirini kwa siku na mkono mwingine una mwavuli.

Vya matairi matatu vinageuka vizuri na kwenye njia mbaya vinajitahidi, lakini matairi matatu haimaanishi unaweza kukimbia nacho. Kukimbia ni mpaka kiwe kimetengenezwa kwa kazi hiyo, tairi ya mbele inafungwa, kuna springi, mara nyingi na breki ya mkononi. Na mtoto wa chini ya miezi sita usikimbie naye, shingo ile ile.

Mshikio: simama wima, shika, viwiko vikunjike kidogo tu. Ukiinama mgongo utakuuma ndani ya wiki. Mume wangu ni mrefu, mimi sio, na kigari cha kwanza kilikuwa na mshikio wa kimo kimoja, kila akitembea hatua zake ndefu anapiga ekseli ya nyuma teke, ko, ko, ko, mtaa mzima unajua baba anapita. Kama mnasukuma wawili wa vimo tofauti tafuteni mshikio unaopanda na kushuka, na mwende wote wawili kujaribu.

Kukunja. Muuzaji atakukunjia kwa sekunde tatu akitabasamu, mwambie asante, kifungue, niachie mimi. Kunja mara tatu, mkono mmoja umebeba mkoba. Ukishindwa dukani, kwenye mvua hutaweza. Angalia kikikunjwa kinajifunga chenyewe au kinafumuka ukikibeba, kinasimama chenyewe au lazima ukilaze chini kwenye tope, na kitambaa kinagusa tairi chafu au la. Hivi vigari vya kukunjika kama mwavuli tunavyovichukulia poa vilitoka kwa injinia wa ndege, Owen Maclaren wa Uingereza, ambaye kazi zake ni pamoja na miguu ya kutulia ya ndege za Spitfire, mwaka 1965 akachukua akili ile ile ya kukunja miguu ya ndege na mabomba ya alumini akatengeneza kigari cha kama kilo 3 tu. Babu alikuwa na akili.

Ila penye bawaba pana vidole. Mwaka 2009 kule Marekani vigari kama milioni moja viliitwa virudi kurekebishwa kwa sababu bawaba za pembeni zilikuwa zinakata ncha za vidole vya watoto wakati wa kufungua na kukunja. Kwa hiyo angalia bawaba zimefunikwa, na kila ukikunja au kufungua mtoto awe mbali, hata yule mkubwa anayependa kusaidia. Baada ya kufungua sikiliza mlio wa loki, alafu tikisa fremu kabla hujamweka mtu.

Kuhusu kuangaliana na mtoto au yeye aangalie mbele, watu wanagombana sana. Maoni yangu, miezi ya mwanzo akuangalie wewe, unamuona kama katapika, kama kofia imemziba pua, na yeye anaona uso anaoujua. Akifika mwaka hivi atapinda shingo mpaka utamuonea huruma, anataka kuona mbwa na magari. Kiti cha kugeuzwa kinamaliza ugomvi na wala sio kitu kipya, Mmarekani William Richardson alichukua hataza, yaani haki ya mvumbuzi, ya kigari cha kugeuza mwaka 1889. Ubaya wake kinaongeza uzito, na kwenye vigari vyepesi ni nadra kukipata. Kama ngazi zako ni nyingi usikifie hicho.

Kofia ya juu ishuke mbali, sio ile inayofunika utosi tu. Na iwe na neti au dirisha la kuchungulia. Jua likiwa kali kishawishi ni kutupia khanga au blanketi juu ya kigari chote, tafadhali usifanye hivyo, hewa inasimama na ndani kunapanda joto haraka kuliko nje, na wewe humuoni. Tafuta kivuli, mvue tabaka moja, mguse nyuma ya shingo, ukikuta jasho anaungua. Plastiki ya mvua ni hivyo hivyo, mvua ikikata itoe papo hapo.

Kikapu cha chini kiwe kinafikika hata kiti kikiwa kimelala, maana kama unatumia kigari kwa kichanga kiti kitakuwa kimelala muda wote. Na mizigo ikae huko chini, usitundike mshikioni. Nilitundika mifuko miwili, nikafika, nikafungua mkanda, nikamtoa mtoto, na papo hapo kigari kikaenda chali kwa kishindo, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa anasawazisha mbele. Na angekuwa ni mtoto anayejirusha mbele na nyuma, angeenda nacho. Vikombe vya kuwekea chai na vimeza vya simu sina la kusema, vitavunjika ndani ya mwezi.

Mapacha, au mkubwa na mdogo waliofuatana: ubavu kwa ubavu kinasukumika vizuri na hakuna anayempiga mwenzie teke la kisogo, ila milango. Mbele na nyuma kinapita popote lakini kirefu, kupanda kingo ni shughuli, na wa nyuma mara nyingi haoni kitu. Kama mkubwa kashafika miaka mitatu fikiria ubao wa kusimamia unaopachikwa nyuma, hakikisha tu mtengenezaji wa kigari anauruhusu.

Ukinunua kilichotumika hakuna aibu, mimi cha pili ni cha mtumba na kimekizidi kipya. Nenda mchana. Kipindue miguu juu. Tafuta ufa kwenye viungio vya fremu, zungusha kila tairi usikilize, tikisa tairi kushoto kulia kama inacheza sana ekseli imeisha. Vuta mikanda yote kwa nguvu, isiwe imechanika wala kubadilishwa na kamba ya kushona nyumbani. Nusa kitambaa, ukungu hautoki kirahisi. Chukua namba ya modeli uitafute mtandaoni pamoja na neno "recall", yaani kuitwa kirudishwe kwa ubovu, dakika mbili tu. Ila kiti cha gari cha mtumba kutoka kwa mtu usiyemjua kiache, kama kilishapata ajali huwezi kuona kwa macho.

Na kabla ya yote hayo jiulize unakihitaji kweli? Kama njia yako yote ni ngazi, matope na kupanda magari yaliyojaa, mbeleko nzuri itakufikisha mbali kwa miezi mingi na kigari chepesi unaweza kukinunua baadaye akishakaa mwenyewe. Nawajua watu wawili ambao vigari vyao vimebaki kuwa vya kuanikia nguo.

Kikifika nyumbani usitupe boksi wala risiti siku hiyo. Pitisha milango yote, ingiza kwenye buti, mzungushe mtoto ndani ya nyumba siku mbili kikiwa bado kisafi, ukiona hapana rudisha. Ukishakubali, kazi inayobaki ni ndogo: mara moja kwa mwezi futa mchanga, kaza skrubu, puliza silikoni kwenye ekseli na sio mafuta ya kupikia wala ya injini, yanakamata vumbi na kutengeneza uji mweusi. Na tairi ikianza kuwa nzito usikimbilie kusema imekufa, ichomoe uangalie ndani, nywele na nyuzi zinajizungusha humo kimya kimya. Kwangu nilitoa kamba nzima ya kiatu, ya bluu, na mpaka leo hakuna mtu nyumbani aliyekubali kuwa ni yake.